Uzito wa gari usihesabiwe kuwa usalama

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuwa sheria za usalama ndizo zinazofanya magari ya leo kula mafuta mengi, na kwamba serikali hazina budi kuchagua moja: roho za watu au akiba ya mafuta. Mimi ni fundi bodi. Nanyoosha magari yaliyogongwa, na yasiyonyosheka nayakata, kwa hiyo najua kilichomo ndani ya milango na chini ya mazulia.

Ukweli kidogo anao. Ukipunguza uzito wa gari kwa asilimia 10, na injini nayo ikapunguzwa ipasavyo, mafuta hupungua kwa asilimia 6 hadi 8 hivi. Marekani, baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973, walipitisha sheria mwaka 1975 iliyotaka magari mapya ya kawaida yafikie wastani wa karibu kilomita 11.7 kwa lita ifikapo 1985. Viwanda vikakimbilia njia ya mkato, vikapunguza ukubwa na uzito. Mwaka 2002 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo ilikadiria kuwa hatua hiyo ilichangia vifo vya ziada kati ya 1,300 na 2,600 kwa mwaka 1993 pekee. Wajumbe wawili wa kamati hiyohiyo waliipinga hesabu hiyo, jambo ambalo wanaoinukuu hulisahau kila mara.

Lakini kilo hizo zinatoka wapi? Mkanda wa pointi tatu, ambao Volvo waliuanzisha mwaka 1959 na kuwaachia wengine wautumie bure, ni kilo chache tu. Gari linanenepeshwa zaidi na viti vya umeme, paa la kioo, magurudumu makubwa, na umbo linalopanuka kila toleo jipya likitoka.

Nguvu ya bodi iko kwenye aina ya chuma na mahali kilipowekwa. Nguzo ya katikati, ile yenye mkanda, siku hizi magari mengi huwekewa chuma chenye boroni. Drili ya kawaida huteleza tu juu yake. Mbele, bodi imeachwa laini makusudi ili ijikunje na kumeza kishindo kabla hakijafika miguuni mwa dereva. Wateja hawataki kusikia. "Fundi, hili si gari, ni kopo!" Wanayatamani ya zamani. Basi na watafute video ya jaribio la mwaka 2009, taasisi ya usalama ya kampuni za bima za Marekani ilipogonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda karibu kilomita 64 kwa saa. Bel Air ndiyo iliyokuwa nzito kidogo. Chumba chake kilisagika, na sanamu iliyoketi kwenye usukani, kama ingekuwa mtu, isingepona. Ya Malibu ingeumia mguu.

Ninachokikataa hasa ni ile imani ya "nunua zito upone". Magari mawili yakivaana, jepesi ndilo linalosukumwa nyuma kwa nguvu zaidi. Kilo anazojiongezea mmoja zinamhamishia mwenzake maumivu, na mafuta yanaliwa kila siku hata pasipo ajali. Mtembea kwa miguu hata hakualikwa kwenye mashindano hayo. Magari ya umeme nayo yameingia humohumo: Hummer ya umeme inazidi tani 4.

(Mwendo nao tusiusahau. Mwaka 1974 Marekani waliweka kikomo cha kilomita 89 kwa saa ili kuokoa mafuta tu, na vifo vya barabarani vikashuka kutoka 54,000 hivi hadi 45,000 hivi. Ni kweli watu walisafiri kidogo mwaka ule, ila mwendo ulichangia.)

Tangu 2020, Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari mapya na kuyapa nyota, hugonganisha gari na toroli la kilo 1,400 lenye pua laini, kisha hukagua pua hiyo imepondwa kiasi gani. Gari lililomponda mwenzake hukatwa alama. Tatizo ni kwamba hizo ni nyota za kumwelekeza mnunuzi. Gari likikatwa alama bado linauzwa. Mimi naomba kipimo hicho kiwe sharti la kisheria, kila gari jipya likipite kabla ya kuruhusiwa barabarani.

Fundi bodi, msomaji wenu