Waacheni madogo wafungue kompyuta

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo. Naomba unipe kanafasi kadogo kwenye gazeti lako, barua ya hivi sijawahi kuandika, na nikichanganya vituo unisamehe maana naandikia kwenye simu huku nasubiri laptopu ya mteja imalize kupigwa Windows na ndo kwanza imefika asilimia 37.

Mi ni fundi kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kila mwaka ikifika Julai, baridi imekolea mpaka bisibisi ukiishika asubuhi unatamani kuiachia, wanakuja madogo wa fildi. Mwaka huu nimepata watatu, wawili wa kiume na binti mmoja, wote wametoka kumaliza ile kozi yao ya mwanzo kabisa ya vifaa vya kompyuta na mifumo endeshi, yaani kina Windows na wenzake. Wote wamefaulu. Mmoja akanionyesha matokeo kwenye simu, ana A. Chuo sikitaji, na wala sina ugomvi nacho, kwanza hawa watatu hawatoki hata chuo kimoja.

Sasa siku ya pili huyo wa A nikampa desktopu moja inayolia piii piii piii bila kuwasha skrini, nikamwambia dogo fungua hiyo, chomoa RAM, isafishe meno yake na raba ya kufutia penseli, rudisha. Kazi ya dakika tano. Mhariri, yule kijana aliligeuza lile boksi kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya watu usiku. Nikadhani ananitania. Kumbe hajawahi kufungua kompyuta hata moja maishani mwake! Mazabodi, lile bamba kubwa la ndani ambalo vifaa vyote vinachomekwa, anaijua kwa picha, na picha yenyewe ilikuwa kwenye desa, zile notsi za kugawiwa, lililotolewa fotokopi ya fotokopi mpaka ukiiangalia unaona kama shamba la viazi la Isyonje limepigwa picha saa mbili usiku.

Ukimuuliza sasa RAM ni nini anatiririka kama redio: ni kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika vilivyomo vinapotea. Sahihi kabisa, simpingi. Ila mpe RAM mbili mkononi, moja DDR3 moja DDR4, yaani ya kizazi cha nyuma na ya kizazi kilichofuata, mwambie ipi inaingia kwenye mashine hii, hapo ndo utamjua. Zile RAM zina pengo kama mtoto wa darasa la kwanza, na pengo la hii haliko pale lilipo pengo la ile, wametengeneza makusudi ili usikosee. Yeye alikuwa anaikandamiza DDR3 kwenye sehemu ya DDR4 kwa vidole gumba vyote viwili, nikapiga ukelele mpaka mama wa supu jirani akaja kuangalia nani kapigwa shoti.

Wiki hiyohiyo akaja mwalimu mmoja wa Uyole na laptopu yake, analalamika ni nzito, akifungua vitu vitatu inaganda. Dogo akamwambia kwa kujiamini, "Mwalimu, futa picha na miziki, imejaa." Nikaangalia, diski nusu iko tupu, RAM sasa ndo GB 2, na hapo kapigiwa Windows mpya ya watu wenye nguvu zao. Ikabidi nimkalishe nimweleze kwa lugha ya sokoni. Nikamwambia umemuona yule mama muuza nyanya hapo nje, ile meza yake ndo RAM, stoo yake ndo diski. Meza ikiwa ndogo atakuwa anakimbia stoo kila mteja akija, hata stoo uiache tupu kama uwanja wa mpira haitamsaidia kitu. Mikono yake yeye ndo prosesa. Na mfumo endeshi ni kama yule mwenyekiti wa soko, yeye hauzi nyanya hata moja ila ndo anagawa nani akae wapi, nani apite lini, na wawili wakigombania kona moja ndo anaamua. Dogo akacheka, akasema fundi mbona darasani hatukuambiwa hivi. Waliambiwa bwana, ila kwa Kiingereza cha kukariri kwa ajili ya testi, kikishavuka mtihani kinayeyuka. Mtihani uendelee kuwa wa Kiingereza sawa, lakini mkufunzi akitoka pembeni dakika kumi akaeleza kwa Kiswahili hatafukuzwa kazi, au?

Usione nachekesha, hii kitu ina hasara zake. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye shule moja huku huku nyanda za juu, walipata kompyuta za msaada kutoka Marekani, desktopu zile nzito za chuma. Kijana wao wa kompyuta, ana cheti kabisa, akachomeka ya kwanza, paaa, moshi. Akaona labda hiyo ni mbovu, akachomeka ya pili, paaa. Ya tatu ndo akasimama akafikiria kunipigia simu. Sasa pawasaplai ndo kile kiboksi kinachoilisha kompyuta umeme, na nyuma ya nyingi za zamani kuna kaswichi kadogo, mara nyingi kekundu, kameandikwa 115 na 230. Wamarekani umeme wao wa nyumbani ni volti 120 hivi, sisi ni 230. Kaswichi kakiwa kwenye 115 mule ndani kuna saketi inayozidisha umeme mara mbili, sasa ukiipa 230 ya kwetu nayo ikaizidisha, zile kapasita, vimkebe vya kutunza umeme, haziwezi kuhimili, zinapasuka. Hiyo ilikuwa kazi ya kucha moja, kusukuma kaswichi upande wa pili kabla hujachomeka, basi. Kijana wa watu aliniapia hajawahi kusikia habari hiyo, na mi namwamini, maana kwenye slaidi pawasaplai inakaa mstari mmoja tu, kazi yake ni kugeuza umeme mkubwa kuwa mdogo, twende slaidi inayofuata.

Na mazingira ya kwetu nayo yana mambo yake ambayo desa haliyajui. Nikiletewa laptopu kutoka Mbarali, hasa ikiwa ilikaa karibu na mashine za kukoboa mpunga, najua kabla sijafungua feni imejaa vumbi la pumba limeshikana kama sufi. Ikitoka Makete au Njombe, watu wanawasha jiko la mkaa ofisini kwa ajili ya baridi, unakuta masizi, meusi, yanang'ang'ania kweli. Zote mbili dalili ni moja, inawaka robo saa inajizima. Inajizima kwa sababu prosesa ikipata joto kupita kiasi inajilinda yenyewe, haijafa wala nini. Safisha feni, futa ile pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, weka mpya, imepona. Ila mtoto aliyesomea kwenye projekta atamwambia mteja mazabodi imeungua, na kuna mafundi wa mjini wasio na huruma watakubaliana naye haraka haraka.

Sasa Mhariri nisije nikaonekana namtukana kila aliyesoma. Ngoja niseme na langu, hata kama linaniaibisha. Kuna mashine moja ya ofisi niliiongeza RAM ikawa GB 8, nikiwasha inaonyesha GB 3 na pointi inayotumika. Hiyo siyo mara ya kwanza, nimeshakutana nayo mara nyingi na siku zote nilikuwa nawaambia wateja RAM ni feki, tena kuna muuzaji mmoja wa Kariakoo nimegombana naye kwenye simu mpaka akaniblok. Yule binti wa fildi akasogea, akaangalia skrini, akauliza kwa upole, "Fundi samahani, hii Windows uliyopiga ni ya biti 32 au 64?" Nikamwambia ya 32, ndo iliyoko kwenye flashi yangu. Akachukua kalamu akaandika juu ya boksi la kartoni: mbili kwa kipeo cha 32 ni 4,294,967,296. Akasema hizo ndo anwani zote ambazo mfumo wa biti 32 unaweza kuzihesabu, kila baiti ya RAM inataka anwani yake, kwa hiyo ukizidi GB 4 ni kama umejenga nyumba kwenye mtaa ambao tarishi hana namba zake, na hata hizo 4 huzipati zote kwa sababu vifaa vingine kama kadi ya picha navyo vinachukua anwani humo humo. Tukapiga ya biti 64, GB 8 zote zikatokea. Nilikaa kimya kama dakika nzima. Ndaga fijo, yaani asante sana, mwanangu. Lile boksi la kartoni nimelikata nimelibandika ukutani, na yule bwana wa Kariakoo nilimtafuta kwa namba ya mtu mwingine nikamwomba radhi.

Ndo maana sisemi vyuo viache nadharia vifundishe bisibisi. Yule binti alikuwa na kitu ambacho mi miaka yote nilikikosa, ila naye siku ya kwanza alishika skrubu ya diski akaniuliza hii ya wapi. Tukikutana wote wawili pale mezani ndo kompyuta inatengenezeka.

Na wakati wenyewe ndo huu. Tangu Microsoft wasimamishe huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wananijia wameshika vichwa, fundi naambiwa kompyuta yangu imekufa. Haijafa, inawaka vizuri tu, kilichokoma ni ile huduma yao ya kawaida ya kuletewa marekebisho ya usalama. Ukitaka kuipeleka Windows 11 inakuuliza una TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, una prosesa ya kizazi fulani kuja juu, na hizi mtumba tunazonunua huku nyingi hazina. Hapo mhitimu wa kompyuta ndo angeng'aa, amwambie mama mwenye stationari kwamba kuna mfumo unaitwa Linux, wa bure, aliuanzisha mwanafunzi tu wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, na upo hata wa jina la kwetu Afrika, Ubuntu, maana yake ni utu, na mashine yako ya zamani itatembea nao. Lakini madogo wangu walikuwa wanajua jina tu, hakuna aliyewahi kuupiga. Nilipowaambia Android kwenye simu zao, chini kabisa inaendeshwa na Linux hiyohiyo, wakatoa simu wakaziangalia kama wamebadilishiwa.

Nimewauliza kwani maabara chuoni hamna? Zipo. Mmoja anasema chumba kina kompyuta nzuri tu ila kinafungwa, na zile skrini zimevalishwa vitambaa vya kufuma kama sebuleni kwa shangazi, mnaingia mnakaa watatu watatu mnafundishwa kuandika barua, hakuna kugusa nyuma. Wakuu wanaogopa zitaharibika au RAM zitatembea. Mi nawaelewa kabisa, kompyuta mpya ni hela na anayesaini ni mtu mmoja, ikipotea anatafutwa yeye.

Ila nani kasema ya kujifunzia lazima iwe mpya, iwe inawaka? Mimi hapa nina mashine mbovu kumi na nne zimenijalia kona moja, wenyewe waliziacha wakahama au waliona bei ya kutengeneza wakakata tamaa, na mafundi wenzangu wa Kabwe na Mafiati kila mmoja ana lundo lake ambalo mwisho wa siku anawauzia vijana wa skrapa kwa kilo, kama masufuria. Maiti ndo zinafaa kujifunzia udaktari jamani. Mwanafunzi apewe boksi moja muhula mzima, alivunje lote mpaka skrubu ya mwisho, aliunge, likikataa alivunje tena. Na mtihani uwe na siku moja ya kuingia unakuta mashine imekufa mezani, mkufunzi kachomoa kitu au kaweka betri ya saa iliyokwisha, ile bapa ya volti 3, mashine ikiwaka inasema ni mwaka 2009, haya tafuta tatizo, andika umelijuaje. Hapo mtu akipata A nitampa na kiti changu.

Nimeshaongea na mafundi wenzangu wawili, wamekubali tutoe mashine bure, chuo kilete gari tu. Na mkufunzi yeyote ambaye taratibu za gari zitamchukua mwaka, aje na wanafunzi wake hapa Jumamosi mchana, kazi huwa zinapungua, nitatoa turubai tutandike nje watu wavunje. Waje na bisibisi zao lakini, za nyota zile ndogo, kwa sababu hawa wa mwaka huu wameshanipotezea tatu na sijui nani kaondoka nazo.

Laptopu imefika asilimia 82, ngoja nikaiangalie.

Fundi kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya