Ile haikuwa sinema juu ya maboksi

Mhariri,

Mwandishi wako alipita Mikindani akaandika kuwa tulionyesha "sinema juu ya maboksi." Naomba nafasi nimsahihishe, bila hasira.

Tulichoonyesha ni mfano mdogo wa mji, kuta zake zikirushiwa picha za mwanga kwa projekta. Niliujenga kwa miezi 4: maboksi ya sabuni, gundi ya unga wa muhogo, mchanga wa ufukweni kutani ili zifanane na mawe ya matumbawe. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilinitoa jasho kuliko nyumba zote. Kwanza nililipaka rangi ya mafuta. Iling'aa ikaturudishia mwanga machoni. Nikarudi kwenye chokaa.

Sinema hurushwa kwenye kitambaa, basi. Hapa kila ukuta una picha yake. Mpwa wangu aliupiga picha mji kutokea palepale penye projekta, akafuatisha kuta na madirisha yote kwenye kompyuta, mapengo akayajaza nyeusi, maana projekta hairushi weusi, giza ni pale mwanga usipofika. (Ile yetu ya kuazima inavujisha kijivu kidogo, nakiri.) Ndipo akawasha madirisha moja moja, akapandisha maji kujaa hadi kwenye vizingiti. Mtoto mmoja akaigonga meza: mwezi ukahamia juu ya msikiti, taa za Boma zikawaka baharini. Kupanga upya, nusu saa.

Mwandishi alikuja saa 11 jioni, jua likiingia madirishani. Aje tena saa 2 usiku.

Fundi seremala,
Mikindani, Mtwara