Kanuni za mkopo zikae kwenye seva, si nyuma ya kitufe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na viongozi wa saccos wanaonunua mifumo ya kompyuta, pamoja na vijana wanaowaandikia mifumo hiyo. Msimbo, yaani maagizo anayoandikiwa kompyuta, wa skrini na ule wa hesabu usipikwe chungu kimoja. Wazo hili si geni. Mtaalamu wa kompyuta kutoka Norway, Trygve Reenskaug, alilieleza tangu 1979, akiwa Xerox PARC, kituo cha utafiti kule California.

Chukueni kanuni iliyozoeleka: mwanachama hukopa hadi mara 3 ya akiba yake. Mara nyingi huandikwa ndani ya kitufe cha "Omba Mkopo" kwenye ukurasa wa wavuti. Baadaye chama kinataka programu ya simu, kanuni inanakiliwa. Inakuja menyu ya nyota na reli kwa wenye simu za kitochi, inanakiliwa tena. Mkutano mkuu ukishusha kiwango kuwa mara 2, sehemu 3 zinasubiri kurekebishwa. Ikisahaulika moja, huyu anakubaliwa na mwenzake mwenye akiba ileile anakataliwa. Programu ya zamani nayo hubaki kwenye simu za watu miezi mingi. Tena kilichozuiwa kwenye skrini pekee hakijazuiwa: mwenye ujuzi kidogo hutuma ombi lake moja kwa moja kwa seva, yaani kompyuta kuu inayopokea maombi yote, kitufe hakigusi.

Seva ndiyo iamue. Ipokee namba ya mwanachama na kiasi, ijibu kwa ufupi, mfano KIKOMO_KIMEZIDI na 600000, tarakimu tupu. Sentensi ni kazi ya skrini, maana ujumbe wa menyu ya kitochi hauzidi herufi 182, ilhali ukurasa wa wavuti una nafasi ya kueleza. Saa vilevile: seva itunze 05:00 UTC (saa ya kimataifa), skrini ya Kiswahili iandike saa 2 asubuhi. Mkitunza "saa 2" kama maneno, ripoti haitapangika kamwe.

Skrini nayo ikague, kwa mfano namba ya simu iliyopungua tarakimu, ili kumwokolea mtu muda. Ila ukaguzi huo haulindi fedha.

Malipo yana hatari yake. Kila ombi libebe namba ya pekee iliyoundwa kabla ya kutumwa. Seva ikiiona mara ya pili irudishe jibu la kwanza. Bila hivyo, mtandao ukisuasua mtu akabonyeza tena, anakatwa mara 2.

Mfumo mkongwe msiubomoe. Hamisheni kanuni moja moja, kila moja na majaribio yasiyohitaji skrini: akiba 200000, ombi la 600000 lipite, la 600001 likwame.

Na kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mwambieni mtengenezaji auzime ukurasa wa wavuti, kisha aombe 600001 kwa simu ya kitochi. Ombi likipita, au menyu ikizimika pamoja na ukurasa, msipokee kazi hiyo.

Mhandisi wa programu,
Morogoro