Mhariri, mimi bado nimesimamishwa

Mhariri,

Sijawahi kuandika gazetini. Mimi ni wa wale wanaoanza kusoma gazeti lenu ukurasa wa nyuma, na mara nyingi huishia huko huko. Lakini ile makala ya mchambuzi wenu wa michezo, anayetaka ligi zote zimsimamishe mchezaji siku ile ile anapotuhumiwa bila kungoja mahakama wala kamati, imenifanya nitafute kalamu. Kilichonichoma zaidi ni kichwa chake: "Lisemwalo lipo." Methali hiyo hakuimalizia. Kama halipo, laja. Yaani huna pa kutokea. Kama hujafanya, utafanya, basi bora uadhibiwe mapema.

Mara ya mwisho kuisikia ikielekezwa kwangu ilikuwa 1996.

Nilikuwa kipa wa timu ya kiwanda kimoja hapa Mombasa, ligi ya mkoa. Zama zile ukidaka vizuri unapewa na kazi, na mimi nilipewa stoo. Ilikuwa Mei, masika, uwanja umekuwa jaruba la mpunga. Zikiwa zimebaki dakika chache mtu akapiga shuti la kizembe ambalo hata marehemu mama angelidaka akiwa na ndoo kichwani. Mpira ukatua kwenye dimbwi mbele yangu, ukakataa kudunda, ukateleza chini ya mikono. Tukafungwa 1-0. Jumatatu nikakuta barua stoo: eti nimeuza mechi, kwa hiyo nimesimamishwa kucheza na kazi pia, bila mshahara, "mpaka uchunguzi utakapokamilika". Ushahidi ulikuwa wa mambo mawili. La kwanza, usiku wa kuamkia mechi nilionekana mkahawani nikinywa chai na mtu wa timu pinzani. Kweli kabisa. Mtu huyo ni shemeji yangu, na tulikuwa tukipanga nani atapeleka posa ya mdogo wangu. La pili, wiki iliyotangulia nilinunua baiskeli mpya, Black Mamba, yenye dainamo na taa. Niliinunua kwa zamu yangu ya chama cha kuchangiana pesa, na mweka hazina alikuwa tayari kuja na daftari lake. Hakuitwa. Kamati ilikaa mara moja tu. Mwenyekiti akanitazama kuanzia viatu kupanda juu, akasema lisemwalo lipo, wenzake wakacheka, soda zikaletwa, na saa saba wakaahirisha kwa sababu mmoja wao alikuwa na mazishi Kaloleni. Hawakukaa tena. Mwenyekiti alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kiwanda kilishafungwa. Ligi ya mkoa haipo, maana hata mkoa wenyewe haupo, tuna kaunti. Uchunguzi haujakamilika. Kwa mujibu wa barua ile, ambayo ninayo kwenye sanduku, mimi mpaka leo nimesimamishwa.

Kwa hiyo mchambuzi wenu anapoandika kwamba kusimamishwa si adhabu ila ni "hatua ya tahadhari", nataka aje aniambie hapa Changamwe, ana kwa ana. Mtoto wangu wa pili alipoanza kudaka shuleni, kuna mzee alipiga kelele kutoka pembeni: huyo ni wa damu ya wauza mechi! Mtoto aliomba kuhamishiwa winga. Hana mbio.

Sisemi mechi haziuzwi. Zinauzwa, na waliocheza nami wanajua. 2020 FIFA iliwafungia wachezaji waliokuwa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo, mmoja wao maisha. Hao walichunguzwa wakapatikana na hatia, sina neno. Na Machi 2025 shirikisho letu lilipomsimamisha kipa Patrick Matasi kwa tuhuma za aina hiyo, watu walinipigia simu wakidhani nitakasirika. Sikukasirika. Kama alifanya au hakufanya, si mimi wa kusema. Nilichokiona mimi ni tarakimu: siku 90. Zina mwanzo na zina mwisho, mtu anaweza kuzihesabu kwa kalenda ya ukutani. Hata wanariadha wetu wanaosimamishwa kwa dawa wana haki ya kudai sampuli B, ile ya pili ya akiba, ipimwe, na ikipingana na ya kwanza wanarudi mbioni. Sampuli B yangu mimi ilikuwa daftari la chama, na hakuna aliyelifungua.

Mchambuzi wenu amemsifu pia Manchester City kwa kuchukua "hatua ya haraka" dhidi ya beki wake Benjamin Mendy. Laiti angeisoma habari hiyo mpaka mwisho. City ilimsimamisha Agosti 2021 aliposhtakiwa kwa ubakaji, na kuanzia Septemba ikakata mshahara wote. Januari 2023 jopo la mahakama kule Chester likamwona hana hatia kwa mashtaka saba. Mawili ambayo lilishindwa kuafikiana yakasikilizwa upya, na Julai akatoka huru. Mkataba ulikuwa umekwisha wiki mbili kabla! Novemba 2024 jaji wa mahakama ya kazi akaamua kwamba sehemu kubwa ya zaidi ya pauni milioni 11 alizodai ni haki yake, ukiondoa muda aliokuwa rumande. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakati huo wote alisaidiwa na mikopo ya Raheem Sterling, Bernardo Silva na Riyad Mahrez. Mimi nilikopeshwa na muuza maziwa, nusu lita nusu lita, miezi mitano.

Nina mabinti watatu, kwa hiyo msinifikirie vibaya. Mtu mwenye kesi ya kumdhuru mwanamke sitaki kumshangilia Jumamosi kana kwamba hakuna kitu. Akae kando. Lakini akae kando akilipwa, kama besiboli ya Marekani inavyowapa wachezaji wake likizo yenye malipo uchunguzi ukiendelea, na hukumu waachiwe wanaojua kuhukumu. Ligi zenyewe hazijui. 2014 NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ilimfungia mchezaji Ray Rice mechi mbili tu kwa kumpiga mchumba wake ndani ya lifti. Septemba video ya ndani ya lifti ilipotoka, ikamfungia bila kikomo, na Novemba msuluhishi akaitupa adhabu hiyo kwa sababu kosa ni lile lile. Kilichokuwa kimeongezeka ni watazamaji. Yule mwanamke alipata nini katika kelele zote hizo, mchambuzi wenu hakuandika.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kuuza mechi: kifuani mwa Gor Mahia na AFC Leopards palikuwa na jina la kampuni ya kamari miaka nenda rudi, mpaka SportPesa ilipokosa leseni 2019 ikaondoka. Mwaka uliofuata ligi nzima ikabeba jina la BetKing, kamari vilevile, nayo haikuifikisha miaka mitano iliyoahidi. Unamvika kijana jezi ya kamari, humlipi mshahara miezi minne, halafu akionekana mkahawani na shemeji yake unamwita kwenye kamati ya maadili. Wakati wa halftaimu vipaza sauti vinamhimiza babake aliyekaa jukwaani abashiri nani atafunga bao la pili. Na kwenye ukurasa wenu ule ule wa makala hii, Mhariri, chini kulia, kulikuwa na tangazo la nini? Angalieni.

Dawa ninayo. Siku mshahara wa mchezaji unaposimama, posho za wajumbe wa kamati inayomchunguza nazo zisimame: nauli, soda, bahasha ya kikao, vyote. Nawahakikishia kesi itakwisha kabla ya Ijumaa. Barua ya kusimamishwa iandikwe tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikipita bila uamuzi, kijana apangwe mechi inayofuata, naye mwenyekiti akamtangaze yeye mwenyewe kwa kipaza sauti, jina na namba ya jezi. Nanyi magazeti, mtu akionekana hana kosa, mumwandike ukurasa ule ule mliomtuhumu, kwa herufi za ukubwa ule ule. Nina vipande vyote viwili vya habari yangu kutoka gazeti moja ambalo silitaji. Cha tuhuma kina upana wa kiganja changu, na mimi ni kipa. Cha pili sikudanganyi, hakikuandikwa.

Baiskeli bado ninayo. Dainamo imekufa lakini taa ni ile ile ya dukani. Kama kuna kamati yoyote inayotaka kuja kuikagua, niko nyumbani kila siku baada ya alasiri.

Kipa aliyesimamishwa,
Changamwe, Mombasa