Mwanangu, kasoro ya rangi yako imeanzia tumboni mwa gari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha za lile gari lako dogo la mfano la 1:64 nimezipata, nimezikuza na kuzitazama kila upande. Umeuliza mambo matatu: kwa nini rangi imetoka na vinundu kama ganda la chungwa, kwa nini magurudumu ya nyuma hayazunguki tangu ulifunge, na kwa nini kioo cha mbele kimeota ukungu mweupe. Yote nitayajibu, ila rangi itasubiri, maana nusu ya matatizo ya rangi hutengenezwa kabla kopo halijafunguliwa.

Kwanza hesabu kidogo. Skeli ya 1:64 ina maana milimita 1 kwenye meza yako ni milimita 64 barabarani. Gari halisi la mita 4.5 linakuwa la milimita 70 tu. Sasa chukua rangi. Ukipuliza praima (koti la msingi), rangi na klia (koti angavu la juu) hadi unene wa milimita 0.1, umelivika gari koti ambalo kwa ukubwa halisi lina unene wa milimita 6.4. Hakuna gari la namna hiyo. Ndiyo maana mistari ya milango yako imefukiwa na vitasa vimekuwa kama vipande vya sabuni. Kwenye 1:24 unene uleule ungekuwa milimita 2.4, na kwenye 1:18 milimita 1.8, kwa hiyo magari makubwa husamehe zaidi. Hilo dogo halisamehi.

Tuanze na ribiti, yaani ncha ya nguzo ya ndani ya bodi iliyopondwa ili kuishika chasisi. Bodi ya gari hilo ni zamak, aloi ya zinki yenye alumini kama asilimia 4. Ni chuma laini, lakini hushika meno ya biti ukiikimbiza. Piga alama katikati ya ribiti kwa ncha kali, kisha toboa kwa biti ya milimita 1.6, kina cha milimita 5 au 6, ukichomoa biti mara kwa mara kutoa unga. Tundu hilo la 1.6 ndilo utakalolikatia hesi ya M2 baadaye, yaani ya skrubu yenye kipenyo cha milimita 2, kwa hiyo litoboe wima kabisa sasa, wakati kichwa cha ribiti bado kinaiongoza biti. Likipinda hapa, skrubu itapinda na chasisi itakaa upande. Baada ya hapo weka biti ya milimita 3.5 au 4 na uondoe kile kichwa kilichopanuka kama uyoga, basi. Ukiona kimekuwa pete na kinazunguka na biti, simama.

Hapo ndipo ulipopitiliza. Kwenye picha ya tatu nguzo ya nyuma imeliwa hadi chini ya bega lake. Bega ndilo linaloishikilia chasisi isiingie ndani zaidi ya inavyotakiwa. Likiliwa, kila ukikaza skrubu chasisi inavutwa juu, inabana viti na dashibodi, na ekseli inasukumwa hadi tairi ziguse matao ya bodi. Ndiyo maana magurudumu yamegoma. Usilegeze skrubu ukadhani umetibu. Kata pete ya mrija wa plastiki wenye tundu linalopitisha skrubu ya M2, ivike juu ya nguzo, kisha uisugue kidogo kidogo kwenye msasa namba 400 hadi chasisi ikae pale pale ilipokuwa kiwandani. Nguzo ya mbele haikuguswa, kwa hiyo ifanye kipimo.

Unapokata hesi kwa kifaa chake (tapu), weka tone la mafuta, zungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Wanaozungusha moja kwa moja huvunja kifaa ndani ya nguzo, na kukitoa ni kazi ya kulia. Skrubu ya M2 yenye urefu wa milimita 4 inatosha magari mengi. Ndefu kuliko tundu itagonga mwisho na kulivimbisha paa, hasa kwenye magari ambayo nguzo yake imeshuka moja kwa moja kutoka kwenye paa.

Kuhusu kutoa rangi ya kiwandani, tumia dawa ya jeli ya kubandua rangi, ndani ya chombo cha kioo, ukiwa na glavu na miwani, mahali penye hewa. Plastiki zote ziwe zimeshatoka. Asetoni pia hulegeza baadhi ya rangi, lakini kioo au kiti cha plastiki kikiingia humo kitayeyuka. Utasikia watu wakisifia magadi makali ya kuzibulia mabomba. Achana nayo: zinki huliwa na magadi, na yale mapovu unayoyaona ni haidrojeni inayotoka huku bodi yako ikimumunyuka na kuwa nyeusi. Rangi ikishabanduka, sugua kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, na kuanzia hapo usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hufanya rangi ijitenge na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Viwili vitatu hivyo viko kwenye boneti yako.

Sasa kazi ya tupa. Kila bodi ya kumiminwa ina mstari pale vipande vya kalibu vilipokutana, mara nyingi juu ya matao ya magurudumu na pembeni mwa paa. Uondoe kwa tupa ndogo, kisha msasa 400, kisha 800. Ukimaliza, pitisha ncha ya sindano au kisu chenye ncha ya ndoano kwenye mistari ya milango, mara tatu nne, bila nguvu, ili iwe na kina kuliko unavyodhani inahitaji. Hiki ndicho kitu kimoja kinacholitofautisha gari lililopakwa vizuri na lililopakwa tu, na ni wachache wenye subira nacho.

Umesema unataka kulishusha. Pima kwa kalipa kwanza. Kushuka milimita 1 ni sentimita 6.4 za kweli, na hiyo inatosha kabisa. Usikate matao ya bodi. Panua mfereji wa ekseli kwenye chasisi kuelekea juu, weka ekseli ndani ya mrija mwembamba wa shaba ili izunguke bila kuyumba, kisha gandisha mrija, siyo ekseli, kwa tone dogo la gundi ya epoksi. Kabla haijakauka, lisimamishe gari juu ya kipande cha kioo bapa. Magurudumu manne yote yaguse. Moja likining'inia, sukuma mrija sasa hivi, kwa sababu kesho utaukata.

Hapo ndipo rangi inapoingia. Ganda la chungwa hutokea pale matone yanapofika kwenye bodi yakiwa yameshaanza kukauka, hayana nguvu ya kutandaa. Sababu ni umbali mkubwa mno, hewa ya joto kali, au rangi nzito ndani ya kopo. Kutoka sentimita 40, kama ulivyoeleza, lazima itoke hivyo. Shika kopo sentimita 20 hadi 25. Kabla ya kupuliza, liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5, yasizidi joto ambalo mkono wako unavumilia. Kwenye moto kamwe, litapasuka. Tikisa dakika 2 nzima. Anza kupuliza nje ya gari, pita juu yake, maliza nje upande wa pili. Koti la kwanza ni vumbi tu, chuma bado kinaonekana. Subiri dakika 10. La pili linaziba, la tatu linang'aza. Ukihisi unahitaji la nne, rangi ya praima haikufaa: nyeupe chini ya nyekundu au njano, kijivu chini ya nyingine nyingi.

Siku ya unyevu mwingi laka, ile rangi yenye kiyeyushi kikali, hupata weupe kama moshi. Subiri siku nyingine.

Angalia pia aina ya rangi. Laka juu ya enameli (rangi ya kiyeyushi kipole) hukunjamana kama ngozi ya uso wa uji, kwa sababu kiyeyushi kikali cha laka kinaamsha enameli iliyo chini. Kikali kikae chini, kipole juu. Na kabla ya kugusa koti lolote, linuse gari. Ukisikia harufu ya rangi, bado halijakauka, hata kama kidole hakinati. Rangi yenye chembe za metali ya magari makubwa iepuke kwenye skeli hii. Chembe zake huonekana kama kokoto.

Boneti yako si lazima uibandue. Isubiri siku 2 au 3, kisha sugua kwa msasa namba 1500 uliolowekwa kwenye maji yenye tone la sabuni, halafu 2000, ukiepuka kingo na pembe, kwa sababu huko rangi ni nyembamba na chuma kitatokeza kwa misuguo mitatu. Kisha klia, makoti mawili. Vile vishimo vya macho ya samaki ndivyo vinavyonitia shaka. Msasa ukivifikia bila kuona praima, umepona. La sivyo, bodi irudi kwenye jeli.

Stika za maji zije baada ya klia ya kung'aa, si juu ya rangi isiyo na mng'ao. Uso wa mkwaruzo hukamata hewa chini ya stika, nayo hubaki na kivuli cha fedha ambacho hakitoki. Ukitumia dawa ya kulainisha stika, stika itakunjamana kwa dakika chache na moyo utashtuka. Usiiguse, itajinyoosha yenyewe.

Kioo chako kimeharibiwa na supaglu. Mvuke wake unapokauka hutua juu ya plastiki safi na kuacha unga mweupe, zaidi ukiwa umelifunga gari mapema. Sugua kwa msasa 2000, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa laini, na uking'arishe. Safari hii kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Hukauka ikiwa angavu na hutoka kwa maji ukikosea.

Kama hutaki ule mng'ao wa fedha wa rimu za plastiki, loweka rimu kwenye dawa ya klorini ya kufulia. Utaondoka wenyewe. Usiichanganye na siki wala amonia, hutoa gesi ya sumu.

Anza na ile pete ya nguzo ya nyuma. Funga gari bila gundi, lisukume juu ya kioo, na magurudumu yakizunguka yote manne, nitumie picha ya tumboni kabla hujagusa msasa wa boneti.

Mama yako