Chupa za maji taka hazijui wikendi

KWA MHARIRI,

Matokeo ya KCSE yakitoka, wazazi huuliza kama uhandisi wa mazingira una ajira. Anayelipa karo ya miaka mitano aulize na hili: maabara ya idara hiyo hufunguliwa Jumamosi?

Kipimo mama katika fani hii ni BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na bakteria wanapokula uchafu ulio majini. Chupa yenye sampuli ya maji hayo hukaa gizani siku 5 kwa nyuzijoto 20, kisha oksijeni iliyobaki husomwa. Darasa likianza Jumatatu, chupa husomwa Jumamosi. Siku hiyo mlango ukiwa na kufuli, itasomwa Jumatatu, siku ya 7, na ripoti itaandikwa "siku 5" vivyo hivyo. Kama Jumamosi haiwezekani, kipindi kihamishiwe Jumatano. Haigharimu hata senti.

Kosa la pili limejificha vitabuni. Majedwali mengi husema maji ya nyuzijoto 20 hushika oksijeni mg 9.1 kwa lita. Hiyo ni Mombasa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji hayo hayo hushika kama 7.4 tu. Mwanafunzi anayenakili 9.1 kama oksijeni ya mwanzo badala ya kupima amejipa 1.7 ya bure. Akiwa amezimua sampuli, yaani ameipunguza nguvu kwa maji safi, mara 50, kosa linakuwa mg 85 kwa lita, ilhali Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliruhusu 30 pekee kwa maji yanayomwagwa mtoni! Huyo huyo akija kusanifu mtambo kwa 9.1 hiyo hiyo, atadhani maji hupokea oksijeni kwa urahisi kuliko ilivyo, na ataagiza mashine za kupuliza hewa zisizotosha.

Kuzimua kwenyewe ndiko kunakowashinda wengi. Kwa maji taka mabichi, andaa chupa tatu za mililita 300: moja yenye mililita 3 za sampuli, ya pili 6, ya tatu 12, kisha jaza maji ya kuzimulia. Tuseme ile ya 6 imeanza na oksijeni 7.3 na kuishia 2.1. Tofauti ni 5.2, zidisha kwa 50, BOD ni 260. Ile ya 12 itakuwa imekwisha oksijeni kabla ya siku ya 5, itupwe. Chupa iliyobakiwa na chini ya 1, au ambayo oksijeni yake imepungua kwa chini ya 2, haihesabiwi. Kiputo kimoja cha hewa chini ya kizibo nacho huharibu kila kitu, kwa kuwa kinaongeza oksijeni wakati bakteria wanaipunguza.

Hatari zaidi ni sampuli yenye klorini. Bakteria hufa, oksijeni haishuki, na maji machafu yanasomeka safi. Lazima klorini iondolewe kwa sodiamu salfaiti, kisha bakteria warudishwe kwa matone ya maji taka.

Ziara za wanafunzi kwenda Ruai kutazama mabwawa ya kusafishia maji taka ya Nairobi ni nzuri, ila mabasi mengi hurudi na picha tu. Yarudi na sampuli ndani ya barafu.

Nayo Bodi ya Wahandisi Kenya, inapokagua kozi hizi, isiridhike na orodha ya vifaa. Iombe daftari la maabara, ilinganishe tarehe ya kuweka chupa na tarehe ya kuzisoma.

Mhandisi wa maji taka,
Kasarani, Nairobi