Asante dada wa Hiace ya Kiborloni

Jamani sikukuuliza hata jina. Ni yule dada tuliyekaa naye siti ya nyuma kutoka stendi ya Moshi, mi nimepakata paka kwenye kikapu nimefunika na kanga, konda anataka nishuke eti paka anapiga kelele, we ukamwambia nauli ya kikapu nalipa mimi twende. Asante sana aisee. Halafu ukanipa darasa zima njiani, kwamba paka anashika mimba hata akiwa bado ananyonyesha, anabeba kama miezi miwili tu, na vitoto vyake vya kike vikifika miezi minne mitano navyo vinaweza kuanza, kwahiyo nimfunge kizazi mapema (majirani zangu washaanza kunikwepa na vitoto vya kugawa). Basi ameshafanyiwa na daktari wa mifugo. Ile mbinu yako ya kukata mkono wa fulana kuukuu, kutoboa matundu manne ya miguu na kumvalisha asilambe nyuzi imesaidia mno, ingawa siku ya kwanza alitembea kinyumenyume kama mlevi. Jirani kaona, kesho anapeleka dume lake la mbwa likahasiwe.